Laptopu kali, maandishi ya sisimizi

Wadau, jamaa mmoja wa steshenari hapa Kimamba kanunua laptopu ya mtumba, kioo inchi 14, pikseli 3840 kwa 2160. Picha kali ile mbaya! Kufungua programu yake ya zamani ya mauzo, maandishi kama sisimizi. Fundi akapunguza rezolusheni, sasa kila kitu kina ukungu. Jamaa anataka kuiuza kwa hasara.

Asiiuze. Kioo hakina kosa. Programu nyingi za zamani zilipimwa kwa pikseli 96 kwa inchi, kioo hiki kina kama 315. Herufi ileile inabaki chini ya theluthi ya ukubwa wake. Tangu Vista ya 2007, Windows huweza kuikuza programu ya namna hiyo kama picha: inasomeka, ila ina ukungu. Mbaya zaidi ni ile inayodai inajikuza yenyewe halafu haijikuzi. Hiyo ndiyo ya sisimizi.

Dawa ni bure. Rudisha rezolusheni, kisha panga "Scale" iwe 200 au 250. Ikigoma, bofya kulia ikoni ya programu, ingia Properties, Compatibility, mpaka mipangilio ya DPI, chagua "System (Enhanced)". Ipo tangu Windows 10 ya Aprili 2017, na programu nyingi za kizamani huchorewa herufi upya, safi kabisa.

Nanyi madogo mnaowaandikia wenye maduka programu, acheni kufunga ukubwa wa herufi kwa pikseli! Mtu akisoma 10,000 akaona 1,000, hasara analipa nani?