Meli Iliyofichwa Majini
Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walipokuwa karibu kuondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe meli yao ya mvuke, Graf von Götzen, katika Ziwa Tanganyika. Kwanza, lakini, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi, kama mtu afichaye mali akitumaini kuirudia. (Wangapi kwetu huweka jembe bila hata kulipangusa tope?) Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mitambo ile ilikuwa ingali yafaa! Meli ikatengenezwa, ikapewa jina Liemba, na mwaka 1927 ikaanza kuchukua abiria na mizigo. Iliendelea kwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipotiwa injini za dizeli.