UCHAMBUZI: Mbio ni zetu, lakini elimu ya upepo tunawaachia wageni

Mnamo Juni 26, 2025, katika uwanja wa Charléty jijini Paris, Ufaransa, Faith Kipyegon alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushei. Hakuna mwanamke aliyewahi kufikia kasi hiyo, ijapokuwa muda huo hautambuliwi kama rekodi ya dunia. Hata hivyo, lengo lake la kushuka chini ya dakika 4 halikutimia.

Bingwa huyo aliyekulia Keringet, Kaunti ya Nakuru, alikuwa akipambana na saa na pia na adui asiyeonekana: hewa. Anayekimbia maili kwa dakika 4 huenda kilomita 24 kwa saa. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya hewa inayomrudisha nyuma huwa mara nne.

Miezi minne awali, watafiti wa ng'ambo walikuwa wamechapisha hesabu katika jarida la Royal Society Open Science. Walisema mkimbiaji mmoja akimtangulia kwa mita 1.3 na mwingine akimfuata kwa umbali huo huo, angepunguziwa takriban robo tatu ya nguvu hiyo na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 59.37.

Paris ilimpa wasaidizi 13, lakini sekunde 7 zikabaki kati ya karatasi na uwanja. Si haki kuilaumu hewa pekee, kwani hata mwili huchoka. Lakini hesabu, hata iwe nzuri vipi, haina budi kuthibitishwa kwa vipimo.

Hapo ndipo linapohitajika handaki la upepo, yaani ukumbi ambamo feni kubwa huvumisha hewa kuelekea mtu au sanamu iliyosimama, na mizani ikapima nguvu inayomsukuma. Kabla ya Eliud Kipchoge kukimbia marathon kwa saa 2 na sekunde 25 huko Monza, Italia, mwaka 2017, mpangilio wa wasaidizi wake ulijaribiwa katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani.

Kwa ufupi, anayepimwa ni Mkenya ilhali anayelipwa mshahara wa kupima ni mgeni.

Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro katika kaunti hiyo hiyo, hufundisha uhandisi. Nafasi moja ya kudumu ya mtafiti wa majaribio ya mwendo wa hewa, pamoja na handaki dogo, ingekuwa mwanzo mwema.

Wapo watakaouliza fedha zitatoka wapi, na swali hilo ni la haki. Lakini mtafiti huyo hatawahudumia wanariadha tu. Mabanda ya maua ya Naivasha, paa za mabati na mitambo ya umeme wa upepo yote hukabiliana na hewa. Isitoshe, mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo vipimo vya pwani za ng'ambo haviwezi kutumika huku bila kurekebishwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji naye sharti ajifunze dawa.