MAMA NA MTOTO: Joto la Kifua kwa Mtoto Njiti



Mwezi uliopita tulikwenda kumtazama mzazi mmoja hapa Al Mintirib. Mtoto wake alizaliwa kabla ya siku zake, akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na kilo mbili. Tulimkuta kitandani amefunikwa mablanketi matatu, kiyoyozi kikivuma juu yake, na miguu yake imepoa. Mama alikuwa ameketi kando, mikono mapajani. Alitueleza kuwa wauguzi walimfundisha kumlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini nyumbani aliona haya mbele ya wageni, na mavyaa wake alikhofu kwamba kiumbe kidogo hivyo hakifai kushikwashikwa.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya mimba kutimia wiki 37. Aliyezaliwa na uzito usiofika kilo 2.5, hata kama siku zake zimetimia, naye huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Watoto hawa wana mafuta machache chini ya ngozi, kwa hiyo joto lao hupotea upesi. Blanketi halizalishi joto, huhifadhi tu lile lililopo. Mwenye joto la kumgawia mtoto ni mzazi wake.

Njia hii ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria, aliyekuwa na watoto njiti wengi na mashine za joto chache, aliwakabidhi mama watoto wao wawabebe vifuani, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Kwa miaka mingi wako waliodhani kuwa hiyo ni tiba ya maskini tu. Dhana hiyo haisimami tena. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulihusu watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Wote walitunzwa hospitalini. Walioanza kubebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Waliongojewa kwanza hali zao zitulie, walifariki karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba watoto hawa wabebwe mapema iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku, ila wale mahututi, kama wasioweza kupumua wenyewe.

Namna yake ni nyepesi. Mtoto huvishwa nepi, kofia na soksi tu, akawekwa wima katikati ya maziwa ya mama. Kichwa kigeuzwe upande na kidevu kiinuliwe kidogo ili pumzi ipite, miguu ikunjwe kama ya chura. Kisha hufungwa kwa kanga, ukingo wake wa juu ukifika chini ya sikio, bila ya kubana tumbo. Mama anapolala, aegemee mito, asilale chali kabisa. Kiyoyozi kisielekezwe kwao. Hapo mtoto yu karibu na ziwa, na maziwa ya mama ndiyo chakula chake bora. Huendelea hivyo mpaka afike kiasi cha kilo 2.5, au mwenyewe aanze kuhangaika kutaka kutoka.

Ama haya, kanga ya pili huwafunika wote wawili, na wageni wanaweza kungoja siku nyingine. Nifasi haimzuii mama kumbeba mwanawe. Anapochoka au anapokwenda kuoga, baba afungue vifungo vya shati ampokee, au bibi ampokee, kwani kifua cha kila mmoja wao kina joto.

Wako pia wanaonong'ona mtoto anapozaliwa mapema. Wanavyuoni wetu, tangu zama za Masahaba, wameeleza kwamba muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi sita. Basi tusimwongezee mzazi mzigo wa maneno.

Lakini kifua si badala ya daktari. Mtoto akikataa kunyonya, akipoa na asipate joto hata akibebwa, akipata homa au degedege, pumzi zake zikikatika, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, apelekwe hospitali saa ile ile.

Siku ile tulimsomea mavyaa maelezo hayo pole pole. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Haya mwanangu, njoo nikufunge." Akatoa kanga yake mwenyewe, akafunga fundo kwa mkono wake. Tulipoaga baada ya saa nzima, tuliishika tena ile miguu midogo. Ilikuwa imepata joto.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Wassalaam.