MAONI: Msanii wa mtaani, hesabu nakala zako kabla ya kuuza

Unaijua ile picha ya Barack Obama ya rangi nyekundu, buluu na krimu, uso umeinuliwa kidogo kama anayeona kitu mbali? Unaijua. Umeiona kwenye tisheti, kwenye stika, pengine hata ubavuni mwa matatu. Mwaka wa 2008, wakati Kenya ilipopewa likizo ya Novemba 6 kwa sababu mwana wa Mkenya ameshinda urais Marekani, huenda wewe ulikuwa bado nasari.

Sasa sikiza hii. Picha hiyo iliyojaa dunia nzima ilianza na nakala 700 pekee. Nakala 350 ziliuzwa, 350 zikabandikwa barabarani. Na aliyeitengeneza hakuwa mchoraji wa ikulu wala profesa wa sanaa. Alikuwa kijana wa skeitibodi.

Shepard Fairey alizaliwa 1970 mjini Charleston, South Carolina. Mtu wa skeiti huishi na michoro: iko chini ya ubao, iko kwenye tisheti, iko kwenye stika alizobandika kila mahali hadi mama anafoka. Fairey akiwa tineja alianza kuchora tisheti na mbao zake mwenyewe. Mwaka wa 1989, akiwa mwanafunzi wa sanaa huko Rhode Island, alikuwa akimfundisha rafiki yake kukata stenseli. Akachukua picha ya mwanamieleka André the Giant kutoka gazetini, akaigeuza stika ya utani. Stika ile ikasambaa mji baada ya mji. Hadi leo jina lake linauza nguo, lakini kitu ambacho mashabiki wake hupigania ni printi za karatasi, zenye sahihi na nambari, zikitolewa kwa idadi inayojulikana. Zikiisha, zimeisha.

Hapo ndipo tunataka usimame kidogo, hasa wewe unayechora usiku ukipost asubuhi.

Printi ya idadi maalumu si fotokopi. Kwa njia ya skrini, kitambaa chembamba hunyoshwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi zikazibwa, kisha wino ukasukumwa kwa ubao wenye ncha ya mpira. Kila rangi ina skrini yake. Picha ya rangi nne ina maana kila karatasi imepita mezani mara nne, na ukikosea kuilenga hata kidogo tu, mdomo unahamia shavuni. Karatasi hiyo ni ya kutupa. Msanii akimaliza, huandika nambari kwa penseli: 7/50 ni nakala ya saba kati ya hamsini. Kuna nyingine chache anazojiwekea nje ya hesabu hiyo, na mwaminifu husema ni ngapi. Kisha skrini husafishwa au kuharibiwa, isije ikamtia majaribuni.

"Lakini buda, si huku ni kubania watu tu? Kama mashine inaweza kutoa elfu, kwa nini utoe hamsini?"

Swali zuri, na hatutalikwepa. Ni kweli uhaba huu ni wa kutengenezwa. Kuna matapeli wanaouza "toleo la mwisho" kila mwezi. Hata printi za Fairey, ambazo hutolewa kwa bei ambayo kijana wa Marekani anaweza kujipanga nayo, hunyakuliwa na madalali ambao baadaye wanaziuza mtandaoni kwa bei ya kuchekesha. Hatusemi mfumo huu ni mtakatifu. Tunachosema ni kwamba nambari ile ni ahadi, na ahadi ndiyo bidhaa. Anayenunua nakala ya 7 hanunui karatasi. Ananunua neno lako kwamba hutaamka kesho uchape ya 51.

Sasa njoo Nairobi. Vijana wanaoteleza kwenye uwanja wa skeiti wa Shangilia, Kangemi, wengi hawatofautishi kuruka ngazi na kuchora ukuta. Ni mkono uleule, ni uthubutu uleule. Kule Mukuru, Lunga Lunga, wasanii wa Wajukuu walipeleka kazi yao hadi maonyesho ya documenta, Ujerumani, mwaka wa 2022 na wakarudi na Tuzo ya Arnold Bode. Talanta si shida yetu. Shida ni kwamba mchoro wako wa wiki tatu unaupost ukiwa mzima, bila jina, kwa ukubwa wa kuchapishika. Kufikia Ijumaa uko kwenye tisheti kibandani na wewe unapewa "hongera bro".

Piga hesabu ya mfano tu. Chukua mchoro mmoja, chapa nakala 40. Tuseme karatasi nzuri, wino na kazi vinakula Sh300 kila nakala. Umetoa Sh12,000, pesa ambayo wasanii wanne wanaweza kuchangishana. Ukiuza kila moja Sh1,500, unapata Sh60,000. Bado asili ya mchoro iko ukutani kwako. Na aliyenunua ni mwanachuo kama wewe, asiyeweza kumudu turubai ya Sh80,000 lakini anachoka na kuta tupu za bedsita yake. Kusema kweli, huyo ndiye soko ambalo galari zetu nyingi hazijawahi kumsalimia.

Ila Fairey ana somo jingine, na hili ni chungu. Picha ya Obama ilitokana na picha iliyopigwa mwaka wa 2006 na mpigapicha wa shirika la Associated Press. Hakuomba ruhusa. Kesi ilipokuja, akadanganya kuhusu picha aliyotumia na akaharibu ushahidi. Kesi yenyewe waliimaliza kwa makubaliano mwaka wa 2011, lakini uongo ule ulimfuata: mwaka wa 2012 mahakama ilimfunga kifungo cha nje cha miaka miwili, saa 300 za kazi ya jamii na faini ya dola 25,000. Angeomba ruhusa mapema, au angesema ukweli tu, angejiokoa. Kwa hivyo wewe unayevuta picha ya mchezaji kutoka Google ukaipaka rangi tatu ukaiita yako, jua kuna mtu aliyesimama na kamera. Mtafute.

Upande wako pia kuna kinga. Mchoro ukishautoa mkononi ni wako kisheria, na kuusajili katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi siku ya siku. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2019 yaliongeza haki nyingine ambayo wasanii wengi wachanga hawaijui: kazi yako ikiuzwa tena kupitia galari au mnada, una sehemu yako, asilimia 5. Lakini utaidai vipi kama hukuandika popote ulichapa ngapi na nani alichukua ipi? Nunua daftari la Sh50. Andika nambari, jina, tarehe, bei.

Nawe mnunuzi, usione haya kuuliza. Nambari huwa chini kushoto kwa penseli, sahihi huwa kulia. Akikuambia ni toleo la nakala 50 na hawezi kukuonyesha unayoshika ni ya ngapi, mrudishie polepole, mshukuru, uende meza inayofuata.