Mgeni Ana Kitanda, Mwalimu Hana

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wakimkebehi mgeni. Walitukumbusha kwamba mji husimama kwa jasho la wanaoulima, si kwa nyayo za wanaoupitia. Methali hii hunijia kila nisomapo habari za miji ya milimani katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, ambako wageni wa siku mbili wamekuwa wengi hata wenye majembe wamekosa pa kulala.

Miji hiyo, kama vile Aspen, Vail, Breckenridge na Crested Butte, huishi kwa theluji. Watu hutoka mbali kuja kuteleza kwenye miteremko wakiwa wamefunga mbao nyembamba miguuni, mchezo wenye gharama kubwa. Hali haikuwa hivyo tangu jadi. Aspen ulikuwa mji wa wachimba madini ya fedha, ukaporomoka mwaka wa 1893 bei ya madini hayo ilipoanguka, kisha ukafufuliwa na mchezo huu baada ya Vita Vikuu vya Pili. Na pale palipo na mji wa Vail leo palikuwa malisho ya kondoo kabla ya miteremko yake kufunguliwa mwaka wa 1962.

Utajiri ulipoingia, nyumba ilianza kubadilika maana. Kwanza walikuja matajiri walionunua nyumba za likizo, nyumba ambazo taa zake huwaka majuma machache tu kwa mwaka. Baadaye ikaja biashara ya kukodisha nyumba kwa siku chache kupitia intaneti, iliyoshika kasi baada ya kampuni ya Airbnb kuanzishwa mwaka wa 2008. Mwenye nyumba akatambua kwamba usiku mmoja wa msimu wa theluji humletea pato ambalo mpangaji wa kudumu hawezi kushindana nalo. Ugonjwa wa korona ulipozuka mwaka wa 2020, wakaongezeka watu wa mijini walioweza kufanya kazi zao wakiwa popote, nao wakanunua nyumba huko milimani. Haukupita muda. Mnamo Juni 2021, baraza la mji wa Crested Butte lilitangaza hali ya dharura ya makao, kana kwamba mji umekumbwa na mafuriko.

Yuko atakayeuliza: je, mtu hana haki ya kuitumia mali yake apendavyo? Swali hili si la kupuuzwa. Wapo wenyeji wa kawaida ambao bila kukodisha chumba wasingeweza kulipa mkopo wa nyumba zao, na kodi inayotozwa malazi hayo huendesha huduma nyingi za mji. Tena ni kweli kwamba ukodishaji si chanzo pekee cha dhiki hii. Katika kaunti ya Summit, uliko mji wa Breckenridge, takriban asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali kuu, hasa msitu wa taifa, na haijengwi. Ardhi ya makao ni kidogo, na pengo kati ya mahitaji na nyumba zilizopo ni kubwa.

Hata hivyo, wanaodhani kwamba dawa ni kujenga tu wanajidanganya. Nyumba mpya isiyo na sharti lolote huingia katika soko lile lile, na mwalimu atashindanaje na tajiri anayetafuta nyumba ya likizo?

Ndiyo sababu miji hiyo imeanza kutafuta njia nyingine. Breckenridge uliamua mwaka wa 2021 kuweka kikomo cha leseni 2,200 za ukodishaji wa muda mfupi, mbali na majengo makubwa yenye huduma za hoteli. Wapiga kura wa Aspen waliidhinisha kodi mpya juu ya malazi hayo mwaka wa 2022. Vail, kuanzia mwaka wa 2017, umekuwa ukimlipa mwenye nyumba ili akubali sharti la kudumu katika hati yake, kwamba nyumba hiyo itakaliwa na mtu anayefanya kazi katika kaunti ile. Mwenye mali hubaki na mali yake, na mji hubaki na mkazi wake.

Nchini Uswisi walithubutu zaidi. Katika kura ya maoni ya Machi 2012, kwa wingi mdogo sana wa kura, wananchi waliamua kwamba nyumba za likizo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika eneo la kila serikali ya mtaa. Lakini nyumba zilizokuwapo kabla ya kura hiyo hazikufungwa na sharti hilo, kwa hiyo nyumba kuukuu ya mwanakijiji yaweza bado kuuzwa na kugeuzwa ya likizo. Sheria ifungayo mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi haimzuii mtu kuingia.

Nionavyo mimi, kosa kuu ni kuhesabu kitanda cha mfanyakazi kama sadaka. Wawekezaji hununua lifti za kupandisha wageni mlimani bila kunung'unika, kwa kuwa bila lifti hakuna biashara. Je, bila mpishi, dereva, muuguzi na mwalimu ipo? Mnamo Desemba 2024, waokoaji wa miteremko ya Park City, katika jimbo la Utah, waligoma kwa karibu majuma mawili wakidai mshahara wa kuanzia upandishwe kutoka dola 21 hadi dola 23 kwa saa, na miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa gharama ya kuishi mahali wanapookoa watu. Sehemu kubwa ya mlima ikafungwa wageni wakiwa wamekwisha kulipa.

Wengi wetu tuliosoma shule za bweni tunazikumbuka nyumba za walimu zilizokuwa ndani ya ua wa shule. Hatukuziona kuwa anasa. Mwalimu aliyelala pale ndiye aliyesimamia masomo ya jioni, na ndiye aliyeamshwa usiku mwanafunzi alipougua. Leo wilaya za shule katika miji tajiri ya Colorado zinajenga na kununua nyumba za walimu, zikijifunza kwa gharama kubwa jambo ambalo waasisi wa shule zetu walilijua.

Mwanafunzi wa jiografia hufundishwa faida za utalii: fedha za kigeni, ajira, barabara. Ningependa mwalimu wake aongeze swali moja ubaoni: aliyepata ajira hiyo analala wapi? Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji akihamishwa ili mgeni apate kitanda, nani atabaki wa kupona, na nani atakayempokea mgeni wa kesho?