Kadude Kangu Hakakuhitaji Bando

Ati muziki wa mfukoni ulianza na iPod, 2001? Wanaosema hivyo hawajafika Chwele. Sisi tulianza na kadude ka MP3 ka plastiki, hakana hata skrini, memori kadi ya GB 2. Unakapeleka kwa kijana mwenye kompyuta pale sokoni, unalipa, unarudi nyumbani na nyimbo kama mia nne: rumba, Sukuma bin Ongaro, na litungu la mzee fulani lililorekodiwa msimu wa tohara.

Cheka tu. Leo una programu yenye nyimbo zaidi ya milioni mia moja. Bando likiisha uko na ngapi? Na yule mzee wa litungu, umemtafuta humo ukampata?

Najua mtaniambia ule ulikuwa wizi, msanii hakuona ndururu. Kweli, hakuona. Lakini hao wenye leseni na mikataba mbona hawakumfuata hadi kijijini? Kijana wa sokoni ndiye aliyemhifadhi, tena bila kujua.

Kama kadude kako bado kamelala kwa droo ya mama, kachomeke kwa kompyuta wikendi hii. Hizo kadi huwa zinakufa.