Maji Maangavu Si Ushahidi

Watu wengi, wasomi wakiwa miongoni mwao, hupima usalama wa samaki kwa macho na pua. Samaki wa ziwa la mlimani, mbali na miji na viwanda, huhesabiwa kuwa salama kuliko wote. Kwa maoni yangu kipimo hiki hakifai kuachwa kiendelee mashuleni, na maziwa ya milima ya Norwei yanatuonyesha sababu.

Tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha nyuklia cha Chernobyl, huko Ukraine, kililipuka. Upepo ulichukua vumbi lenye mionzi hadi Norwei, na mvua ikaliangusha milimani. Ndani yake mlikuwamo sesiamu-137, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Katika maziwa kama Øvre Heimdalsvatn, lililo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, sesiamu hiyo ilipita katika wadudu wa majini hadi kwa trauti, samaki wa jamii ile ile iliyopandikizwa katika mito ya Mlima Kenya.

Kikemia, sesiamu hufanana na potasiamu, ambayo mwili wa samaki huihitaji. Maji ya milimani aghalabu huwa na madini machache. Na potasiamu ikiwa haba, samaki hulimbikiza sesiamu zaidi. Kwa hiyo usafi ule ule tunaousifu huweza kuongeza uchafu usioonekana. Sesiamu haina harufu wala ladha, na moto wa jiko hauiharibu.

Je, samaki huyo asiliwe kabisa? La. Mwaka 1987 Norwei iliweka kikomo cha bekereli 6,000 kwa kilo ya samaki wa maziwani na mitoni, mara 10 ya kile cha vyakula vya kawaida, kwa kuwa watu wengi huwala kwa nadra. Na tufanye hesabu. Bekereli 1,000 zikiliwa na mtu mzima humpa dozi ya milisiveti 0.013. Mlo wa gramu 200 wa samaki aliyefikia kikomo hicho una bekereli 1,200, yaani milisiveti 0.016 hivi. Alaye mara 5 kwa mwaka hupata 0.08, alaye kila siku hupata 5.7, ilhali kikomo cha kimataifa kwa raia, katika nyakati za kawaida, ni milisiveti 1 kwa mwaka. Samaki ni mmoja, hukumu ni mbili; na anayeelemewa si mgeni apitaye, bali jamaa ya mvuvi.

Atakayesema kuwa shule zetu hazina vyombo vya kupimia mionzi atakuwa amesema kweli. Lakini kupima ni kazi ya maabara. Kuhoji na kukokotoa ni kazi ya kila raia, nayo yahitaji kalamu tu. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiuliza kama samaki fulani ni salama, tusimjibu upesi. Tumfundishe kuuliza zaidi: amepimwa na nani, ataliwa na nani, na kwa kiasi gani?